Hedifoni za Luthuli: jenereta limenyamaza, Wakili bado anasikika

Nianze na nyota za hizi hedifoni za kufuta kelele: tatu kati ya tano. Ningekuwa nashinda chumbani na jenereta peke yake ningezipa nne na nusu.

Mimi hupanga kurasa kwenye kompyuta katika duka la uchapishaji upande wa River Road. Tunatoa kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya mikutano ya injili, na vile vijitabu vya wasifu wa marehemu, ambavyo kusema kweli ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba. Chumba ni kimoja. Kiti changu kiko hatua tatu kutoka kwa mashine ya kuchapa, Heidelberg kuukuu iliyonizidi umri, na nyuma ya mlango kuna jenereta, maana stima ikipotea, mteja wa mazishi humwambii arudi kesho.

Fundi wa mashine hiyo tunamwita Wakili. Sheria hajasomea. Ukimwambia leo ni Jumanne atakuuliza umeanza kuhesabu wapi. Mwezi wa tatu tulibishana saa nzima ya chakula kama maharagwe ya mama wa pale chini yana nazi au hayana. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Nazi naijua kabla sijaionja. Yeye alishinda, kwa sababu saa ya chakula iliisha akiwa bado anazungumza.

Nilipeleka malalamiko kwa bosi. Bosi ni mtu wa kufuata utaratibu, akaifungua Sheria ya Ajira ya 2007 kwenye simu yake, akanisomea kifungu cha 44. Kumtukana mwajiri, au mtu ambaye mwajiri amemweka juu yako, kunaweza kukutoa kazini papo hapo. Kubishana na mwenzako juu ya maharagwe hakumo. Tena hata kungekuwemo, kifungu cha 41 kinataka mtu aelezwe kosa lake kwanza, kisha asikilizwe, na aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake anayemtaka. Hapo kwenye "asikilizwe" tukatazamana, bosi akacheka mpaka akavua miwani. Nikaona dawa nitajitafutia mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi moja nikashuka Luthuli Avenue, barabara iliyopewa jina la Albert Luthuli, mshindi wa Nobeli ya Amani ya 1960. Amani nami niliikuta pale kwenye boksi jeusi, bei ya kuanzia shilingi 4,500. Jina la kampuni sitalitaja, na duka vilevile. Kijana wa duka akaniambia, "Madam, hii ni oriji, inafuta kelele zote. Hata ndege ikipita husikii." Nikamwambia sina shida na ndege, nina shida na mtu mmoja. Akasema huyo ndiye rahisi zaidi. Tukaelewana 2,800, nikalipa kwa M-Pesa.

Huyo kijana alinidanganya, ingawa nadhani hakujua kwamba ananidanganya.

Jumatatu stima ikapotea saa nne na jenereta likawashwa. Nikazivaa, nikabonyeza kitufe. Wallahi, nilishtuka. Jenereta lilitoweka kama limebebwa. Feni nayo ikaenda, na ule mngurumo wa matatu zinazosubiri abiria chini ya dirisha. Nikakaa ndani ya kimya ambacho sijakisikia tangu nihamie Nairobi mwaka 2011. Halafu katikati ya kimya hicho, safi kama mtangazaji wa taarifa ya habari: "Dada, hii nyekundu yako si nyekundu."

Sikuwahi kumsikia Wakili vizuri hivyo. Zamani jenereta lilikuwa likimla maneno nusu.

Nilienda kusoma zinavyofanya kazi, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kutoa pesa. Nje ya kila sikio kuna kipaza sauti kidogo kinachosikiliza kelele inayokuja, kisha hedifoni zenyewe zinatoa sauti iliyo kinyume chake, mawimbi mawili yanakutana na kuuana. Amar Bose alianza kuwaza hedifoni za namna hii mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, na ukifikiria ndege umeelewa kila kitu: mngurumo mmoja, mzito, usiobadilika. Jenereta ni ndege iliyokaa chini. Mtu anayezungumza hupanda, hushuka, hukata, huanza upya, na herufi kama "s" na "t" ziko juu sana na hupita haraka. Zile wanazouza kwa bei ya kodi ya miezi miwili hupunguza sauti za watu kiasi. Zangu za 2,800 zilifagia uwanja, zikamwachia Wakili jukwaa.

Na kuhusu nyekundu alisema kweli, ndilo linaloudhi. Nilikuwa nimesahau kugeuza faili kutoka rangi za skrini kwenda rangi nne za wino, na nyekundu kali ya skrini ikifika kwenye karatasi hutoka kama tofali. Bango lilikuwa la kanisa, futi kumi.

Sasa dada zangu mnaovaa mtandio, hili someni polepole, kwa sababu wanaoandika sifa za bidhaa hizi hawatufikirii. Ukizivaa juu ya mtandio zinateleza, na pale kitambaa kinapokunjika sikio halizibwi sawasawa, kelele inapenya. Ukizivaa ndani ya mtandio zinakaa vizuri kabisa, kimya kinaongezeka, sikio linapata joto lakini unavumilia. Nilizivaa ndani wiki mbili, na muziki kidogo juu yake ili kumzima Wakili. Ilifanya kazi. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayejua umezivaa.

Alhamisi moja Wakili alisimama nyuma yangu na kadi za harusi za mteja wa Pangani. Hoja yake, nilikuja kuelezwa baadaye, ilikuwa kwamba karatasi nzito ya gramu 300 inapasuka kwenye mkunjo, tutumie nyepesi ya 250. Alieleza. Akajijibu mwenyewe pingamizi ambazo alidhani ningetoa. Mimi nikawa natikisa kichwa kufuata taarabu. Akaenda kwa bosi: "Hata dada amekubali." Katika miaka yetu yote pamoja sikuwahi kumkubalia kitu, kwa hiyo bosi aliona ni jambo zito, akapitisha. Kadi 300 zikachapwa. Mama wa bibi harusi akashika moja kwa vidole viwili, akaipinda, ikapindika kama tiketi ya basi. "Hii ndiyo kadi?" Aliuliza hivyo tu. Tulichapa upya usiku.

Tangu hapo bosi akaweka daftari juu ya meza, katikati ya kompyuta na mashine. Kila kazi ina ukurasa: karatasi, rangi, idadi, na mwenye neno aliandike, aweke tarehe na sahihi. Siku ya kwanza Wakili alijaza kurasa mbili kuhusu ukingo wa milimita tatu unaoachwa wa kukatwa. Siku ya pili nusu ukurasa. Mwandiko wake ni mbaya na anajua. Wiki ya tatu aliandika mistari mitatu juu ya kijitabu cha mazishi, akatulia na kalamu hewani, akaifuta miwili, akaandika "sawa". Neno hilo nimelipiga picha.

Yaliyobaki kwa haraka. Boksi linasema betri inakaa saa 40. Yangu haijawahi kuvuka 22. Simu zinapokelewa vizuri ndani, ila ukiwa barabarani unayeongea naye anasikia upepo tu. Waranti niliyopewa ni maneno ya mdomo na namba ya simu isiyopokelewa. Ngozi ya bandia ya sikio la kushoto ilianza kubambuka mwezi wa pili, ikawa inaniachia vipande vyeusi shavuni kama nimetoka kuuza makaa.

Kwa jenereta, kwa basi la usiku la Mombasa, kwa jirani mwenye mashine ya kusaga, nunua na wala usizidishe 2,500. Kama adui yako ana mdomo, daftari la kurasa 200 ni rahisi mno kuliko hizi, na halihitaji chaji.

Lile sikio lililobambuka nililishonea kifuniko cha kipande cha kanga, kwa mkono, jioni moja tukisubiri stima irudi. Wakili akakichukua, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa simu, akasema uzi ule ni mwembamba na nimeshona mbalimbali, utafumuka kabla ya wiki kuisha. Nikamwambia aandike kwenye daftari. Akaandika, akatia sahihi.

Ulifumuka Alhamisi.