Nishati ya kupikia: ununue ipi kwanza ukiwa umepanga Dar

Jirani yangu tunayepanga naye nyumba moja hapa Mbagala hununua mkaa makopo mawili kwa siku, moja la mchana na moja la usiku. Ukimuuliza kuhusu gesi atakwambia gesi ni ya wenye hela. Mwezi mmoja nilimwomba tuandike kila kopo analonunua na kulipima kwenye mizani yangu ya unga kabla halijaingia jikoni. Kopo lilelile, bei ileile, lakini uzito haukufanana hata siku mbili mfululizo: leo mapande makubwa yenye nafasi katikati, kesho nusu yake chenga. Mwezi ulipoisha, hela iliyomtoka ilitosha kujaza mtungi wa kilo 6 na chenji ikabaki. Alikaa kimya muda mrefu akiangalia ile karatasi.

Kwa hiyo hapa nimezipanga nishati kwa kuangalia kinachokutoka kwa mwezi, pamoja na usalama wa wanaolala chumba cha pili.

Ya kwanza ni gesi. Kilo moja ya gesi ina joto la megajuli 46 hivi, na kilo ya mkaa mzuri ina kama 30. Ukiishia hapo utaona tofauti ni ndogo. Lakini jiko la mkaa la bati hupeleka kwenye sufuria chini ya robo ya joto lake, mengine yanapasha hewa ya uani. Jiko la gesi hupeleka nusu na zaidi. Ndiyo maana kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo tatu hadi nne za mkaa. Chukua bei ya kilo ya mkaa mtaani kwako, zidisha mara 18, halafu linganisha na bei ya kujaza mtungi wa kilo 6. Jibu utalipata mwenyewe.

Mitungi ya nyumbani ni kilo 3, 6 na 15. Ule wa kilo 38 waachie wenye migahawa. Wengi huanza na kilo 6 kwa sababu jiko lake hufungwa juu ya mtungi wenyewe na huhitaji kununua kingine. Kwa chai na wali unafaa sana. Tatizo ni ugali: ukisonga kwa nguvu, sufuria na mtungi vyote vinacheza, na hapo mtoto akipita karibu moyo unakuruka. Mwenye familia ya watu watano ajikusanye polepole afike kwenye kilo 15, jiko la plate mbili, regulata na mpira wa gesi halisi wenye klipu pande zote mbili. Kwenye mpira usibane matumizi.

Dukani, dai mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake, karibu na mshikio. Jumlisha kilo 6 au 15, na mizani isome hivyo. Ramadhani moja nilikuwa na haraka ya futari, nikabeba mtungi bila kupima, na nilipoupima nyumbani ulikuwa umepungua kilo moja na nusu. Lakiri ilikuwepo, nzima kabisa. Tangu siku hiyo, muuzaji akisema mizani imeharibika, naondoka.

Ukifika nyumbani, paka povu la sabuni kwenye maungio; likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda na kabati, na ile harufu imewekwa kiwandani makusudi ili uishtukie. Ukiinusa usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.

Ya pili ni umeme, na hapa nazungumzia jiko la presha la umeme, si la koili. Maharage ya familia hutumia nusu uniti hivi, maana sufuria yake imefunikwa na ikishapanda presha inajizima na kujiwasha yenyewe. Mteja mdogo wa TANESCO, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo na kodi. Ukizidisha, bei inapanda sana, kwa hiyo angalia matumizi yako ya LUKU kwanza. Kama mnachangia mita moja na wapangaji wengine, ongeeni kabla hujanunua. Chagua la lita 6, na hakikisha mpira wa mfuniko unapatikana madukani. Gesi na jiko hili vikiwa pamoja, sioni cha kuongeza: vigumu vyote vipikwe kwenye jiko la presha, vya haraka kwenye gesi.

Ya tatu, mkaa mbadala, ule wa vipande vilivyoshindiliwa. Unachelewa kushika moto lakini unakaa muda mrefu, unafaa kwa makande. Uliza umetengenezwa na nini: ule wa vifuu vya nazi ni tofauti na ule wa makaa ya mawe, na wa makaa ya mawe upikie nje.

Mkaa wa kawaida ni wa nne. Kama huna njia, nunua gunia badala ya kopo, na jiko la udongo badala ya bati. Tanuri la kienyeji hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, ndiyo misitu inavyokwisha. Usiingize jiko chumbani hata kwa baridi ya Julai: kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu, na aliyelala haamki.

Mafuta ya taa nimeyaweka mwisho. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wake kuzuia watu wasiyachanganye na dizeli, na unafuu wake ukaishia hapo. Yanaacha harufu kwenye chakula, na watoto huyanywa wakidhani ni maji. Kama unayo kwenye chupa ya soda, yahamishe leo kwenye dumu lenye kifuniko cha kubana, uliweke juu ambako mtoto hafiki hata akipanda kiti.