Kozi ya elfu 45 ya saikolojia ya uhalifu, nimeimaliza naleta mrejesho

Jamani nimemaliza ile kozi ya wiki 6 ya saikolojia ya uhalifu, ile inayofundishwa kwa Kiswahili, video mnatumiwa kwenye grupu la WhatsApp halafu Alhamisi usiku mnakutana na ticha laivu, bei elfu 45. Jina la wanaoiendesha siweki maana nina malalamiko humu na wenyewe nimeshawaandikia.

Nilijiunga kwa sababu ya mdogo wangu. Katoka jela mwaka jana, alifungwa kwa kupora simu, na tangu arudi kila tukigusa lile suala ananiambia "dada mimi sikumuumiza mtu, yule ana hela, kesho yake tu kanunua nyingine." Nikisikia hivyo nilikuwa napandwa na hasira, naona huyu mtoto hana utu kabisa. Sasa wiki ya pili ticha anaeleza upotoshaji wa fikra, yaani zile njia ambazo akili inalipindisha tukio mpaka mtu aweze kuishi nalo, nikawa kama namsikia mdogo wangu anaongea.

Wiki hiyo peke yake inalipa hela yote. Ticha alituletea wanasosholojia wawili wa Marekani, Sykes na Matza, ambao mwaka 1957 walipanga visingizio vya vijana wahalifu kwenye mafungu matano, na fungu moja ni hilohilo la "hakuna aliyeumia, mwenye mali anajiweza". Ila kilichonishika mimi ni hoja yao ya msingi, kwamba kijana anatunga kisingizio kwa sababu anajua alichofanya ni kibaya. Asingejua angetunga cha nini? Nilirudisha hiyo video mara tatu. Miezi yote nilikuwa nachukulia yale maneno ni ushahidi kwamba roho yake imekufa, kumbe inawezekana ni kinyume, inamsuta na yeye anatafuta pa kujificha. Sasa hivi akianza simkatishi tena, namuuliza tu yule mwenye simu alikuwa anaenda wapi siku ile, nani alikuwa anamsubiri simu. Ananyamaza muda mrefu.

Kwenye somo hilohilo wakaleta utafiti wa Barbaree, 1991, wafungwa 26 wa ubakaji, 54% walikana kabisa kwamba walitenda kosa na wengine 40% wakadai madhara waliyomfanyia mwathirika ni madogo. Hapo ticha alisema jambo la maana, kwamba kueleza kisingizio sio kumsafisha mtu, na haki ya mwathirika haipungui kwa sababu sisi tumeelewa. Nilishukuru alivyolisema wazi maana kwenye grupu kuna watu walishaanza kuhurumia upande mmoja tu.

Wiki ya tatu ni kusoma uadui usoni kwa mtu. Kuna utafiti wa Ujerumani wa Schönenberg na Jusyte, 2014, walichukua wahalifu 55 wa makosa ya vurugu wakawaonyesha picha za sura zisizoeleweka, hasira imechanganywa na furaha au na hofu, na ikilinganishwa na watu wa kawaida wale wafungwa waliona hasira kirahisi zaidi. Kila aliyekaa kijiweni anaijua hii, "unaniangalia nini wewe", na mwenzake wala hamuangalii, anawaza hesabu ya bosi. Somo zuri lakini sauti ya video ilikuwa mbovu, inakatika, nimeomba waitume upya, mpaka leo kimya.

Ya Kohlberg, yule mwanasaikolojia wa Marekani aliyepanga fikra za maadili kwa ngazi, sikuipenda. Sio Kohlberg mwenyewe, ufundishaji. Walieleza vizuri kisa cha Heinz, yule anayewaza aibe dawa kumuokoa mkewe, na kwamba jibu lako ndio au hapana sio kinachopimwa, inapimwa sababu unayotoa, na kwamba wahalifu wengi wameonekana kubaki ngazi ya chini, ya nitapata nini na nitakamatwa au la. Lakini hawakutaja kwamba utafiti wake wa 1958 ulifanyika Chicago kwa wavulana 72, msichana hata mmoja hayumo, na mwanasaikolojia Carol Gilligan alishalisema hilo miaka ya 80. Kozi inafundisha watu wanaofanya kazi na mabinti pia, huwezi ukaliruka hilo. Halafu kujua kujibu swali la maadili na kufanya lililo sawa usiku saa nne una njaa na wenzako wanakusukuma ni vitu viwili tofauti.

Wiki ya tano ni ya tiba ya kubadilisha fikra na hapo nilijifunza kuhusu utafiti wa Monrovia, Liberia, vijana 999 wa mitaani, wezi na wauza dawa za kulevya, wengine wakapewa wiki 8 za tiba hiyo, wengine dola 200, wengine vyote, na waliopata vyote viwili walifuatiliwa miaka 10 baadaye uhalifu wao ukawa umeshuka karibu nusu. Fikra pamoja na mtaji kidogo mfukoni! Ningependa watu wa halmashauri waisikie hii. Ila wakatuachia picha kwamba tiba hizi zinafanya kazi kila mahali, na sio kweli, Uingereza mwaka 2017 wizara ya sheria ilitoa tathmini ya programu yao kubwa ya magereza kwa wahalifu wa kingono, waliopitia programu walirudia makosa ya aina hiyo 10% na wasiopitia 8%, programu ikafungwa. Mimi nafikiri mtu aliyelipia kozi anastahili kuambiwa na hilo.

Wiki ya sita ni cheti na kushukuriana, ruka tu.

Kama ni mwalimu, polisi jamii au una ndugu aliyetoka ndani, lipia, nakushauri kabisa. Andaa bando maana video ni nzito. Mdogo wangu ya Monrovia kaisikiliza mara mbili kwa simu yangu, ile ya wiki ya pili aliizima katikati akasema kichwa kinamuuma, sikumlazimisha, nimemuachia kwenye memori kadi.