Miezi mitatu ya kung fu pale Ngara

Bango la chini linasema Shaolin, Wing Chun, Tai Chi na Sanda, mitindo minne ya kung fu, zote kwa elfu tatu kwa mwezi, mimi nikaona bei ya kutupa hiyo, nikatuma M-Pesa kabla hata sijapanda ngazi. Kosa langu. Tai Chi ya ukoo wa Chen kule Henan, China, na Wing Chun ya Foshan, kusini mwa China, ni vitu viwili tofauti kabisa, nani atakufunza zote kwa saa moja unusu?

Unachopata kwanza ni ma bu, kile kisimamo cha kupanda farasi, miguu imepanuliwa, mgongo wima, magoti yamekunjwa kama umeketi na hakuna kiti. Siku ya kwanza sekunde 40 tu mapaja yakaanza kutetemeka kama cherehani, na mwalimu anakuwekea fimbo hapo juu ya mapaja, ikianguka unaanza upya. Wiki tatu hivyo hivyo! Nikamwambia aki mwalimu mimi nimelipa kupigana, akacheka akasema haya nisukume. Jamaa ni mwembamba jameni. Nikasukuma na mwili wote, hakusonga, halafu akageuza kiuno kidogo tu nikajipata naangalia mabati. Tangu hapo nimenyamaza.

Mwezi wa pili ndio Wing Chun, na hapo unaambiwa sahau ma bu, sasa magoti yanaingia ndani. Fomu ya kwanza, Siu Nim Tau, hakuna hata teke moja, unasimama pahali pamoja mikono ndio inafanya kazi, vijana walikuja kwa sababu ya Bruce Lee wakahepa (na yeye mwenyewe alisomea Wing Chun kwa Ip Man huko Hong Kong, lakini waambie). Waliobaki tukaingia chi sao, zoezi la wawili wawili, mnagusanisha mikono mnazungusha pole pole, ukifunga macho unaskia kabisa nguvu ya mwenzako inaelekea wapi, akilegea kidogo unaingia. Hiyo pekee inatosha hiyo elfu tatu.

Sanda, ile ya kupigana kabisa kwa ngumi, mateke na kuangushana, ni Jumamosi, beba glavu zako, za pale zinanuka kama samaki wa juzi. Choo hakina maji. Darasa la saa kumi na mbili huanza saa moja kasorobo juu ya jam na hakuna anayefidiwa.

Tai Chi hata kwa dawa huipati. Nikauliza, wakasema mwalimu wake amesafiri, anarudi wiki ijayo. Hiyo ilikuwa mwezi wa kwanza.