Fundi alisema ni vairasi, kumbe ramu waliyoniuzia wenyewe

Hata sijui nianzie wapi, damu bado inanichemka. Kuna duka la kompyuta hapa Oginga Odinga Street, Kisumu, nililokuwa nikilisifu kwa kila mtu. Ndio walioniongezea ramu (RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwenye mashine ninayochapia kazi za wanafunzi. Wiki chache baadaye ikaanza vituko: leo skrini ya bluu, kesho inajizima na kujiwasha, na ujumbe kila mara ni mwingine. Kisha tasnifu ya msichana mmoja ikakataa kufunguka, siku moja kabla ya kuiwasilisha. Alilia akiwa kwenye kiti changu.

Nikaipakia kwa boda. Fundi hata hakuifungua. "Ni vairasi, madam." Akafomati, yaani akafuta kila kitu na kuweka Windows upya, nikalipa 1,500. Siku tatu, yakawa yaleyale. Niliporudi nikamwuliza, haiwezi kuwa ile ramu mliyoniwekea? Akawageukia wateja: "Mama, kompyuta si jiko, haibahatishwi." Watu wakacheka. Akafomati tena, Windows yake ikakwama katikati ya kuwekwa, akailaumu flashi. Nikalipa tena!

Mpwa wangu ndiye aliyeniletea Memtest86+. Ni programu ya bure, inakaa kwenye flashi na inapima ramu kabla Windows haijawaka, kwa hiyo vairasi wa Windows hana nafasi ya kusingiziwa. Tuliiacha usiku kucha, nami naomba stima isipotee. Asubuhi, mistari myekundu skrini nzima. Kosa moja tu linatosha kukupa wasiwasi. Mimi nilikuwa nayo kibao. Tukachomoa waya wa stima, tukatoa vijiti vyote viwili vya ramu, tukapima kimoja kimoja kwenye tundu lilelile. Cha zamani kikapita. Chao kikaanguka. Tukakihamishia tundu la pili, kikaanguka tena. Basi si ubao mkuu wa kompyuta, si tundu, ni kijiti chenyewe.

Nikawapelekea kijiti na picha kwenye simu. Fundi akasema picha si ushahidi. Nilikuwa nimeshapaza sauti dada wa kaunta alipoomba risiti, akakichomeka kwenye mashine yao, akasubiri hadi wekundu ulipotokea, akanipa kipya. Hakubishana, hakuniuliza mara mbili. Pale nilitaka kusema duka ni zuri, na huyo dada kweli ni mzuri, mkienda mtafuteni yeye. Lakini 3,000 yangu ya kufomati? "Hiyo kazi ilifanyika, mama," akasema fundi, macho kwenye simu yake. Kazi gani? Kunifutia kila kitu kwa kosa la kijiti chenu! Hapana, siwezi kumtuma mtu huko. Labda kwa huyo dada tu, na fundi akiwa hayupo.

Mashine haijazima tena tangu hapo. Tasnifu ya yule msichana niliichapa upya kutoka nakala iliyokuwa kwa msimamizi wake, usiku mbili, na sikumtoza hata shilingi.