Tom and Jerry kwenye DVD: uzoefu wangu na maboksi matatu ya Spotlight Collection

Diski ya kwanza haikucheza. Nimeisubiri miezi miwili, kaka yangu kainunua Houston, imekuja kwenye begi la mtu aliyekuwa anarudi kwa ajili ya msiba, naitia kwenye deki, na TV inaniandikia kwamba diski hii si ya ukanda wetu. Binti yangu wa miaka 7 alikuwa ameshakaa kwenye mkeka na bakuli lake la bisi. Akanitazama kama nimemtapeli.

Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo litakalomkuta yeyote atakayeagiza DVD hizi Marekani. Wenye filamu waliigawa dunia kwa namba: Marekani ni 1, Ulaya ni 2, sisi na sehemu kubwa ya Afrika tumo kwenye 5. Deki inayofuata sheria inaikataa diski ya wenzao. Nilibeba deki yangu mpaka Kariakoo kwa fundi. Akachukua rimoti, akafungua trei ikiwa tupu, akabonyeza namba nne tano kwa haraka, kioo kikaonyesha sifuri, maana yake deki sasa inakubali diski za kanda zote. Basi. Elfu tano, na dakika moja haikuisha. Jambo jingine: picha ya Marekani ni ya mfumo wa NTSC, wakati TV za kwetu zilijengwa kwa PAL. Kwenye TV ya flati hutaona tofauti, ila bibi mwenye TV ya chogo anaweza kuletewa paka asiye na rangi.

Spotlight Collection ni maboksi matatu ya kampuni ya Warner: la kwanza lilitoka 2004, la pili 2005, la tatu 2007. Humo mna katuni walizotengeneza William Hanna na Joseph Barbera katika studio ya MGM kuanzia 1940 hadi 1958, kila moja kama dakika saba. Walitengeneza 114. Boksi la kwanza lina 40, la pili 40, na la tatu zilizobaki, kasoro mbili nitakazozieleza. Yote matatu yalikuwa yameshatumika, kaka akalipa dola 38. Muuzaji wa mtandaoni aliandika kwamba hali yake ni nzuri sana. Diski moja ya boksi la pili ilikuja na mkwaruzo mrefu kama wa msumari, na katuni tatu zinakwama humo. Aliombwa arudishe chochote kidogo, akasema muda wa kulalamika umepita. Ulipita diski ikiwa bado kwenye begi.

Mtu atauliza, kwa nini uhangaike hivyo wakati diski ya Tom and Jerry mtaani unaipata kwa buku mbili? Ninayo hiyo pia. Kasha lake limeandikwa katuni mia, na nilipohesabu nilipata 61, nyingine zimerudiwa mara mbili, na picha imebanwa mpaka Jerry anatetemeka hata akiwa amelala. Kubwa zaidi, zimechanganywa. Kama uliwahi kuona Tom and Jerry za ajabu ajabu, sauti kama inatoka ndani ya pipa, mandhari yamechorwa kwa mistari michache na Tom ana sura ya kuchanganyikiwa, hizo ni zile 13 za mwongozaji Gene Deitch zilizotengenezwa Prague mwanzoni mwa miaka ya sitini. Zile ambazo Tom ana nyusi nene na macho ya mjanja ni za mwongozaji mwingine, Chuck Jones, 34, kuanzia 1963. Utotoni tulijua tu kwamba kuna Tom mzuri na Tom feki. Haya maboksi matatu ni ya Tom mzuri peke yake.

Na tofauti ya kwanza niliyoipata haikuwa ya macho. Ilikuwa ya masikio. Tanga miaka ya tisini, mtaani kwetu deki ya video ilikuwa moja, na kanda ya Tom and Jerry ilichezwa mpaka ikachakaa, muziki unapanda na kushuka kama redio ya gari linalopita kwenye mashimo. Filamu za Kihindi na za Kichina zilihitaji mtu wa kutueleza kinachoendelea, hizi hazikuhitaji mtu. Nilidhani ni kwa sababu hawaongei. Sasa nimeelewa kwamba wanaongea muda wote, ila anayewasemea ni Scott Bradley, mtunzi wa muziki. Jerry akinyata, kuna filimbi inanyata naye. Tom akiteremka ngazi kwa kichwa, kila ngazi ina noti yake. Orkestra nzima ya MGM imekaa chini kumfuata paka anayeangukiwa na kabati la vyombo! Na ule ukelele wa Tom akibanwa mkia, ambao kila mtoto wa rika langu anaweza kuuiga, ni koo la Hanna mwenyewe. Kwenye diski ya mtaani ukelele ule unapasuka. Hapa unaanza, unakwea, halafu unakatwa ghafla kama kwa kisu, na kile kimya kidogo kinachofuata ndicho kinachochekesha. Nilikaa miaka thelathini bila kujua kwamba kile kimya kipo.

Mfano mzuri ni Mouse Trouble ya 1944, iliyo kwenye boksi la kwanza, mojawapo ya saba zilizopata Oscar. Tom kaletewa kitabu kinachofundisha namna ya kukamata panya. Kinamwambia panya aliyebanwa kwenye kona hapigani kamwe. Anambana Jerry. Hatuonyeshwi kipigo, tunasikia tu, kisha sura ya Tom inajitokeza imevimba kila upande na sauti nzito ya kaburini inasema msiamini hayo. Mama yangu, aliyekuwa anachambua mchele akijifanya hana habari na TV, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Akasema kumbe roho ya paka ndiyo hii.

Mama ndiye aliyenifanya nizitazame upya zile zenye yule mwanamke wa miguu. Mnamkumbuka: soksi zimekunjamana, ndala, aproni, ufagio mkononi, uso hauonekani. Sisi watoto tulimwita Mama Miguu na tuliamini ni mwenye nyumba. Kwenye katuni ya kwanza kabisa, Puss Gets the Boot ya 1940, ambayo ajabu ni kwamba imewekwa boksi la pili, anamwonya paka (siku hizo akiitwa Jasper) kwamba kikivunjika chombo kimoja tena, atatimuliwa. Panya anasikia. Anapanda mezani, anashika glasi, anaininginiza ukingoni, na paka mzima anarudi nyuma kwa vidole. Mama alitazama mpaka mwisho bila kucheka. Kabla hajaolewa alifanya kazi za ndani Dar kwa miaka minne. Akasema, "Huyo naye ni mfanyakazi tu. Vyombo vikivunjika, anayekatwa mshahara si paka."

Sauti ya Mama Miguu ni ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi wa Marekani, na kwenye DVD hizi katuni nyingi zina sauti yake. Tuliyoizoea wengi kwenye TV si hiyo. Miaka ya sitini baadhi zilichorwa upya na kuwekwa mwanamke mweupe mwembamba mahali pake, na miaka ya tisini maneno yake yakarekodiwa upya na mchekeshaji Thea Vidale ili yasiwe ya kumdhihaki. Ndiyo maana kumbukumbu zetu hazilingani tukibishana kijiweni. Uso wake mwenyewe unaonekana kwa nadra sana, kama pale unapopita kwa sekunde isiyozidi kupepesa jicho, anapokimbilia kamera kwenye Saturday Evening Puss ya 1950. Nilirudisha nyuma mara tano.

Boksi la pili linafunguliwa na Whoopi Goldberg, mwigizaji mweusi wa Marekani, akieleza kwamba mzaha wa namna hii dhidi ya watu weusi ulikuwa kosa tangu siku ulipochorwa, na kwamba kuuficha ni sawa na kusema haukuwahi kuwepo. Nilimwelewa. Kwetu sisi mambo yalikuwa na pindo lake: bomu likimlipukia Tom na uso wake ukawa mweusi na midomo minene, tuliona masizi ya sufuria, hatukuona mtu. Binti yangu naye ameona masizi. Nilijiuliza nimweleze au nimwache. Kwa sasa nimemwacha, lakini katuni mbili tatu naziruka akiwa peke yake.

Sasa Warner hao hao, baada ya maneno mazuri ya Whoopi, walipofika boksi la tatu wakaziacha nje Mouse Cleaning ya 1948 na Casanova Cat ya 1951, kwa sababu hizo hizo za masizi. Kama mmeamua kusema ukweli kwenye la pili, mbona mnaingiwa na haya kwenye la tatu? Mwaka 2011 walianza upya na Golden Collection kwenye Blu-ray, diski zenye picha kali kuliko DVD, katuni 37 zimepangwa kwa mwaka, safi kabisa. Toleo lake la pili lilitangazwa kutoka 2013, watu wakagundua zile mbili hazimo tena, zikazuka kelele, likafutwa. Aliyenunua la kwanza akabaki na nusu ya hadithi kabatini.

Kuhusu picha, msitegemee kila katuni ing'ae. Za miaka ya hamsini ni nzuri, rangi nyekundu ya zulia unaweza kuigusa. Nyingine zina ukungu, na baadhi zinaanza na kadi za majina zilizobandikwa na MGM walipozirudisha kwenye sinema miaka ya baadaye, si zile za awali. Hilo siwalaumu sana. Mei 1978 ghala la filamu za naitreti, filamu za zamani zinazoshika moto upesi, la jumba la makumbusho la George Eastman House kule Rochester, New York, liliungua, na hasi asilia, yaani filamu za kwanza zinazotolewa nakala, za katuni nyingi za MGM zikateketea humo. Kinachotazamwa leo mara nyingi ni nakala iliyotokana na nakala. Mpangilio ndio ninaoulaumu: mwaka 1943 unatangulia 1940, na ukitaka kuona Tom alivyobadilika kutoka paka wa manyoya mengi anayetembea kwa miguu minne hadi bwana wa kuvaa suti, itabidi uruke ruke kati ya diski sita.

Nyota ninazotoa ni nne kwa boksi la kwanza, nne kwa la pili (mkwaruzo si kosa lake), tatu kwa la tatu. Ukiwa na hela ya moja tu, chukua la kwanza. Lina The Cat Concerto, ile Tom anapiga piano kwa vidole na kwa miguu huku Jerry akiwa amelala ndani ya nyundo zake, na hiyo pekee inatosha nauli.

Ila kama bado hujanunua, subiri kidogo uulizie bei. Desemba 2025 Warner wametoa mkusanyiko mmoja, Golden Era Anthology, wenye zote 114 bila kukata, Mouse Cleaning na Casanova Cat zikiwemo. Nimeshamwambia kaka. Amejibu nimtumie kwanza hela ya haya matatu.