Tuisheni ya hesabu za chuo Mwanjelwa, mi nilienda kwa ajili ya neno moja tu: kompakti

Habari wadau, naandika hii kwa wale mnaosoma hesabu vyuoni huku Mbeya na Iringa. Semista iliyopita nilipata sup (mtihani wa marudio) ya topolojia, yaani hesabu za maumbo na ukaribu wa nukta, na swali lililonimaliza lilikuwa la kompakti, niliandika "seti kompakti ni seti iliyofungwa na yenye mipaka" (iliyofungwa yaani nukta zake za ukingoni zote zimo ndani) nikala sifuri, nikauliza kosa liko wapi hakuna aliyenijibu vizuri. Iliniuma sana maana sentensi ile niliikariri kwenye notsi zao wenyewe.

Rafiki yangu akaniambia kuna kaka anafundisha kwenye chumba juu ya duka la vifaa vya umeme, buku saba kwa masaa mawili. Nikaenda Jumamosi na baridi ile ya Juni, mnakaa na majaketi humo ndani. Benchi ni gumu na ubao mdogo, lakini chai ya tangawizi inaletwa kutoka chini na mwisho wa siku mi sikufuata benchi.

Kitu cha kwanza alichofanya hakunipa maana, alichora mstari ubaoni kutoka 0 mpaka 1, pale kwenye 0 akaweka duara tupu yaani 0 yenyewe haimo. Akasema funika mstari huu kwa vipande vya wazi, yaani ncha zake zenyewe hazimo, cha kwanza kinaanzia 1/2, cha pili 1/3, cha tatu 1/4, vinaendelea hivyo bila mwisho na vyote vinaishia 2. Vyote kwa pamoja vinafunika kila nukta. "Haya mdogo wangu, bakisha vichache unavyotaka, hata mia, vitupe vingine." Nikabakisha mpaka kile kinachoanzia 1/100. Akaniuliza, 1/200 imefunikwa na nani? Nikatulia kama dakika nzima hivi. Halafu akaijaza ile duara kwa chaki, 0 ikaingia, akasema sasa lazima kuwe na kipande kinachofunika 0, na kwa vile ni cha wazi lazima kimeze na majirani zake wa kulia, tuseme mpaka 1/50, kwaiyo vile vingine vyote visivyo na mwisho huna haja navyo tena, vichache tu vinamaliza kazi. Hiyo ndo kompakti jamani! Ukiifunika kwa seti za wazi za aina yoyote ile, siku zote unaweza kubakisha chache zenye idadi yenye mwisho na bado hakuna nukta iliyobaki nje.

Sasa kosa langu. Akachukua mahindi mabichi ya mezani (yule mama wa chai huwa anakaanga), akapanga punje na kuweka kifuniko cha soda juu ya kila punje. Akasema chukulia punje hazina mwisho na umbali kati ya punje yoyote na nyingine ni 1 tu, basi dunia hii ina mipaka maana hakuna umbali unaozidi 1, na imefungwa maana ndo dunia nzima, na kila kifuniko ni seti ya wazi maana punje haina jirani aliye karibu kuliko 1. Akaondoa kifuniko kimoja, punje moja ikabaki wazi. Hakuna hata kimoja unachoweza kupunguza, na viko bila mwisho, kwaiyo sio kompakti. Ile sentensi yangu ni kweli kwenye namba halisi na kwenye Rⁿ (nafasi ya vipimo n vya namba halisi), inaitwa teorema ya Heine na Borel, nje ya hapo haikubebi. Laiti notsi zingeongeza maneno mawili tu "kwenye Rⁿ".

Kingine nilichopenda anakwambia neno linatumikaje kwenye vitabu tofauti, maana sisi tunasoma fotokopi za kila aina. Aliyelileta ni Mfaransa Maurice Fréchet mwanzoni mwa miaka ya 1900, na yeye alikuwa anaangalia nukta za kikomo, yaani nukta ambazo nyingine zinazisogelea bila mwisho, sio mambo ya kufunika. Alexandrov na Urysohn wa Urusi ndo walisimamia hii ya kufunika miaka ya 1920 wakaiita bikompakti, kwaiyo ukikuta bikompakti kwenye kitabu cha zamani cha Kirusi usishtuke. Na wanaofuata Bourbaki (kundi la wanahesabu wa Ufaransa) ukisema kompakti wanataka iwe Hausdorff pia, yaani nukta mbili tofauti uweze kuzitenganisha kwa seti mbili za wazi zisizogusana, isipokuwa hivyo wanaiita kwazi-kompakti. Mi nilikuwa na vitabu viwili vinavyogombana na sikujua kwanini.

Malalamiko yangu ni kwamba akinogewa anapitiliza muda, mi nilikosa gari ya mwisho ya kwenda Tukuyu, na wakija wengi anaharakisha wale wa mwaka wa kwanza. Nendeni mkiwa wawili watatu, saa tatu asubuhi kabla hapajajaa, na mwende na swali lenu mkononi kwasababu hafundishi kwa kufuata silabasi. Sup niliifanya Septemba, swali la kompakti lilirudi, nikachora ile duara tupu kwanza ndo nikaanza kuandika.