Uzoefu wangu: wiki 12 za tiba ya kikundi kwa mdogo wangu mwenye ulemavu wa akili, Dodoma

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye ndugu wa aina ya mdogo wangu, ambaye ameshaambiwa kama nilivyoambiwa mimi: "Huyo hata umwongeleshe vipi haelewi."

Mdogo wangu ana miaka 38. Tunaishi Nzuguni. Anafua nguo zake, noti anazijua kwa rangi, na daladala za Jamatini anazijua kwa sura za makonda kwa sababu hasomi. Jina lake sitalitaja wala la kikundi, maana kila aliyeingia mle ndani alikubali siku ya kwanza kwamba ya pale yanabaki pale. Haya machache ameniruhusu mwenyewe. Nimemsomea mara mbili, akaniambia nitoe jambo moja, nikalitoa.

Mama yetu alifariki mwaka juzi, tukamzika Kongwa. Kabla ya safari ukoo ulikaa ukaamua mdogo wangu asiende. Walisema akiona jeneza atachanganyikiwa na kutuvurugia msiba. Tukamwacha kwa jirani. Tuliporudi tukamwambia Mama amesafiri, na mimi ndiye niliyemwambia.

Haukupita mwezi akaanza kwenda stendi kuu ya Nane Nane, kila asubuhi. Anakaa kwenye benchi hadi jioni, anatazama mabasi. Tukajua anamsubiri Mama ashuke. Usiku halali, anafungua kabati la Mama, anatoa vitenge kimoja kimoja, anavikunja, anavirudisha. Chakula akawa anakigusa tu. Siku moja akaipiga redio chini. Kila mtu akasema ndiyo hali yake, inazidi na umri. Hospitali moja tuliyokwenda, maswali yote niliulizwa mimi, yeye akiwa ameketi pale pale, kisha tukaandikiwa dawa za kumtuliza. Alilala kweli. Akiamka, stendi.

Majirani walishatushauri tumpeleke Mirembe. Hapa lazima niseme kidogo, maana Dodoma jina hilo watu wamelifanya tusi, na si haki. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na ugonjwa wa akili unaweza kumpata yeyote, hata aliyesoma sana. Ulemavu wa akili ni jambo jingine. Unaanza utotoni, unagusa namna mtu anavyoelewa na kujifunza, na hakuna dawa ya kuuondoa. Lakini mwenye ulemavu huo naye huugua. Hupata sonona, hupata hofu, hufiwa. Mshauri wa kikundi alinieleza kwamba mwaka 1982 Steven Reiss na wenzake huko Marekani walionyesha jinsi wataalamu wenyewe wanavyonaswa hapo: wakishauona ulemavu, dalili nyingine zote wanazisukumia humo humo. Mtu ana majonzi, anaandikwa mkaidi. Nilimsikiliza huku naliona lile benchi la stendi.

Kwenye kikundi tulielekezwa na afisa ustawi wa jamii. Walikuwa watu 7, wote watu wazima, na washauri wawili, mwanamke na mwanamume. Jumamosi, saa nne hadi saa tano na nusu, shilingi elfu kumi kwa kikao. Siku ya usaili swali la kwanza aliulizwa yeye: "Kaka, wewe unataka kuja?" Alinitazama mimi nijibu. Mshauri akasubiri. Akasubiri tena. Mdogo wangu akasema, "Nataka." Sikumbuki mara ya mwisho mtu kumuuliza anataka nini, ukiacha soda.

Njia wanayoifuata imetengenezwa na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Daniel Tomasulo na Nancy Razza, kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili hasa. Mizizi yake ni tiba ya maigizo ya daktari Jacob Moreno, ambaye aliamini mtu anaweza kuliponya jambo kwa kulitenda badala ya kulieleza tu. Kikao kina hatua nne. Ya kwanza nilidhani ni ya kupoteza muda, kumbe ndiyo msingi: kufundishana kusikilizana. Watu hawa maisha yao yote wanazungumza na mwalimu, mzazi au mlezi, mwenzao hawamtazami. Basi mmoja akishasema, mshauri anamgeukia wa pembeni: "Dada, kaka amesema nini?" Kama hakusikia, hasemewi na mshauri. Anamwomba mwenzake arudie. Halafu kila mmoja anatoa la kwake, jambo la mmoja linaigizwa, na mwishoni kila mtu anatajiwa jema alilolitenda siku ile, kwa kitendo chenyewe, kwa mfano, "Ulimpa mwenzio leso." Sentensi fupi, picha nyingi, kurudiarudia bila kuchoka. Mmoja wao haongei kabisa, anaonyesha picha, na zamu yake anaipata kama wengine.

Matunda ya kwanza niliyaona nyumbani, na yalikuja kwa salamu. Mtaani kwetu watoto hawamwamkii mdogo wangu. Miaka 38, na kitoto cha darasa la pili kinampita kinamwita jina lake. Sikuwahi kuliona kama jambo. Kikundini yupo kijana wa miaka ishirini na kitu, naye siku ya tatu alimwambia, "Shikamoo kaka." Mdogo wangu alirudi nyumbani, akasimama mlangoni mbele ya mwanangu, akamwambia, "Hujaniamkia." Mwanangu akanitazama. Nikamwambia amwamkie mjomba wake. "Shikamoo mjomba." "Marahaba," akajibu, akapita ndani. Tangu siku ile hilo nyumbani kwangu halina mjadala.

Walezi hukaa nje, ila wiki ya saba aliomba niingie, na wenzake wote wakaulizwa kama wanakubali. Siku hiyo zamu ya kuigiza ilikuwa yake. Wakaweka viti viwili. Akaambiwa achague wa kuwa Mama, akamchagua mama mmoja wa miaka hamsini hivi, yule anayeingia kila Jumamosi akiwasalimu wote "Mbukwenyi!" Alimchagua, alisema, kwa sababu anafunga kitenge vizuri.

Akaketi mbele yake, akanyamaza. Mshauri hakuujaza ule ukimya. Alimwomba yule kijana wa shikamoo asimame nyuma ya mdogo wangu na kumsemea anachodhani kimo moyoni, na akikosea akatazwe. Kijana akamwekea mkono begani: "Mama, nina hasira. Umeondoka hujaniaga."

"Hapana," mdogo wangu akasema. "Sina hasira na Mama." Akageuka, akanitazama. "Dada alinificha."

Alijua tangu siku ile ile. Akiwa kwa jirani alichungulia uani kwetu. "Niliona turubai. Niliona viti vingi. Viti vingi ni msiba." Mshauri akamuuliza, kwa sauti ya chini, alikuwa anatafuta nini stendi. Akasema, "Basi la Kongwa. Nauli sina."

Kwa zaidi ya mwaka tulidhani haelewi kifo. Yeye alikuwa anatafuta njia ya kufika kaburini.

Yule mama wa kwenye kiti, ambaye hakuna aliyempa maneno, alimshika mkono akamwambia, "Hata mimi baba walinificha." Wengine wawili wakainua mikono kwamba na wao walifichwa. Katika watu 7, wanne walikuwa wamezuiwa msiba wa mzazi. Nimesoma vitabu vya dini na nimekaa vikao vingi vya ukoo, lakini sijawahi kuona mtu akifarijiwa namna ile. Mimi ningempa nini? Mimi ndiye niliyeficha. Nilimwomba radhi palepale mbele yao. Hakunijibu.

Baada ya wiki mbili tulikwenda Kongwa. Nauli alilipa kwa mkono wake. Alifagia kaburi, akataka akae peke yake, nikasogea. Kisha akaniita, akanijibu lile la radhi. Alichosema ndicho alichoniambia nikitoe humu.

Stendi haendi tena. Analala. Daktari amempunguzia dawa. Hasira bado humjia, ila sasa anaweza kusema "namkumbuka Mama" kabla hajashika kitu.

Yapo niliyowaambia washauri wayarekebishe. Chumba kiko ghorofani, na mwenzao mmoja mwenye matatizo ya miguu hubebwa kupandishwa ngazi. Kwa huduma ya watu wenye ulemavu hilo halikubaliki. Walezi hatuna pa kukaa zaidi ya mwarobaini mmoja. Kubwa kuliko yote, kwamba vikao vinaisha wiki ya 12 waliambiwa wiki ya 10. Watu walioachwa ghafla mara nyingi maishani mwao hawafai kuagwa kwa wiki mbili. Jumamosi ya 13 mdogo wangu alivaa shati alilolipiga pasi, akakaa mlangoni, ikabidi nimweleze upya. Washauri walikiri kosa. Awamu inayofuata watatumia kalenda ya picha ukutani tangu siku ya kwanza, kila Jumamosi inayopita inakatwa mstari.

Ukitaka kumwandikisha ndugu yako, zungumza naye kwanza yeye. Na kama kuna jambo mmemficha, mwambieni mshauri kabla ya kikao cha kwanza. Mimi sikusema, na wiki saba zilikwenda hivyo. Mdogo wangu ameshaandikishwa awamu ya pili. Ada ya kikao cha kwanza ameiweka mwenyewe kwenye bahasha, noti nyekundu moja, ndani ya kabati la Mama.